Namba Tisa

Siku barua ya ruzuku ilipofika nilikuwa nimechuchumaa ghalani na brashi mkononi, napaka namba kwenye magunia. Mwenyekiti aliingia anakimbia. Ni mtu mzito, na katika miaka kumi na minne ya chama chetu sikuwahi kumwona akikimbia, hata siku upepo ulipoezua paa la ghala. Alinipita. Alinipita kama mtu anavyopita nguzo, akaenda moja kwa moja hadi mezani alipokaa wifi yangu, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu," akasema, "tumepata!"

Wifi akaisoma barua kwanza kimya, halafu kwa sauti. Mfuko wa kusaidia vyama vya ushirika vya vijijini umeyakubali maombi yetu. Tutapewa mashine ya kukamua alizeti yenye injini, chujio na matangi mawili ya mafuta. Kabla ya kukabidhi, mkaguzi atakuja baada ya wiki tatu kuwahakiki wanachama. Waliokuwa nje wakajaa mlangoni. Vigelegele vikapigwa. Watu wawili wakamnyanyua wifi pamoja na kiti chake, naye akawa anapiga kelele, "Jamani, nitaanguka!" huku akicheka.

Mimi nilikuwa napaka ishirini na tatu, ambayo ni namba yangu. Mkia wa ile tatu ukanitoroka, ukashuka hadi chini ya gunia.

Afadhali niseme mapema, ili msomaji ajue maneno haya ni ya nani. Mimi ndiye katibu wa chama. Sikusomea kazi hiyo. Niliishia darasa la saba, na mengine nimejifunza kwa kusoma kila karatasi iliyopita mkononi mwangu, hata zile za kufungia sabuni. Wifi ni mke wa mdogo wangu. Aliolewa kwetu mwaka mmoja na nusu uliopita, akitokea kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, na akiwa kwenye kompyuta vidole vyake huwezi kuvihesabu. Si mwanachama. Mwenyekiti alimwomba tu atuandikie maombi, baada ya mimi kuandika mara mbili na kukataliwa mara mbili.

Mara ya kwanza niliandika kwa mkono, kurasa kumi na tisa, pambizo nimezipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Yalifika siku nne baada ya muda wa kupokea maombi kufungwa. Mara ya pili, yaani mwaka jana, yalifika mapema, na jibu lake nililikunja nikalitia ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda. Wanachama niliwaambia kwamba nafasi zilikuwa zimejaa. Haikuwa kweli, na nitalirudia jambo hilo.

Jioni ile tulikula nyumbani kwa mama. Nasema kwa mama ingawa mama amefariki mwaka wa nane huu. Anayekaa pale sasa ni mdogo wangu na mkewe. Mzee Tochi alikuja kutupongeza. Tunamwita hivyo kwa sababu anatembea na tochi mfukoni hata mchana wa jua kali, eti huwezi kujua.

"Katibu," akaniambia, mdomo umejaa, "wewe ulikuwa unawaandikia barua za mapenzi wale. Kurasa kumi na tisa! Huyu kaandika nane, mambo yameiva."

Wote wakacheka. Nami nikacheka. Mdogo wangu akamtazama mkewe kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na bado haamini kwamba hakuna mwenyewe. "Dada, si nilikwambia? Nilikwambia huyu ana kichwa."

"Ulisema," nikajibu.

Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama, kile chenye mguu uliofungwa waya. Hakuna aliyemkataza. Kilikuwa kiti tu, na yeye alikuwa mwenye nyumba. Tena, na hili ndilo lililonichoma zaidi, alikuwa mwema kwangu. Alinipakulia wa kwanza. Mwenyekiti alikuwa amempa kitambaa cha zawadi, naye akakikata katikati mbele yangu, akanipa nusu. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa na majivuno. Mtu mwenye majivuno unaweza kumsema kwa jirani. Huyu ungemsema nini?

Kitambaa kile sijakishona mpaka leo.

Siku ya pili yake akaniletea nakala ya maombi. "Wifi, nipitishie macho. Wewe ndiye unayekijua chama. Kama kuna kosa niambie kabla mkaguzi hajaja."

Nilisoma kama ninavyosoma siku zote, rula chini ya mstari, mstari mmoja mmoja. Tofauti ni kwamba safari hii sikuwa nasoma ili nielewe. Nilikuwa natafuta kosa, na moyo wangu ulikuwa na njaa. Nilisoma siku mbili. Maelezo yake ya mashine yetu ya mkono yalikuwa mazuri kuliko yangu: alieleza jinsi watu wawili wanavyoning'inia kwenye mpini wake asubuhi nzima wapate debe moja, na jinsi wengi wetu wanavyochoka, wakauza mbegu mbichi kwa mlanguzi kwa bei anayotaka yeye. Nilipofika hapo nikasikia uchungu. Mpini ule nimening'inia mimi. Yeye hajaugusa.

Kosa nililikuta ukurasa wa sita. Palikuwa na mstari mmoja tu: Idadi ya wanachama hai, 41.

Hapa lazima nieleze utaratibu wetu. Kila mwanachama ana namba, na namba yake inapakwa kwenye magunia yake ili alizeti isichanganyike. Kwenye mikutano hatuitani majina, naita namba, mwenye namba anaitika "Nipo." Mwanachama akifa, hatufuti chochote. Shamba linabaki, watoto wanalima, magunia yanaendelea kuja na namba ileile, na siku ya mkutano mtu wa nyumba hiyo anaitika. Hakuna aliyewahi kukaa chini akasema tufanye hivyo. Ilianza na kifo cha kwanza, wakati mwanawe alipoitika kabla sijaamua niruke namba au nisiruke, na mimi nikaweka tiki.

Mama alikuwa namba tisa. Yeye na wenzake ndio walioanzisha chama. Alipofariki, shamba lake nililichukua mimi, na namba yake naitikia mimi. Kwa kuwa katibu ndiye anayeita, naita mwenyewe, naitika mwenyewe. "Tisa!" "Nipo." Mwanzoni watu walikuwa wanaficha midomo wasicheke. Sasa hakuna anayesikia tena. Lakini mimi nasikia. Kwa miaka minane, mara moja kila mwezi, nimekuwa na mahali pa kulisema jambo hilo: kwamba mama yupo.

Kwa hiyo daftari lina watu arobaini na mmoja, na saba kati yao wako makaburini. Wifi hakuwahi kukaa kwenye mkutano. Alinakili daftari, akajumlisha.

Maombi yangu ya mwaka jana yalisema thelathini na wanne. Ndiyo iliyokuwa kweli. Na barua iliyokuwa kwenye kopo la biskuti ilisema, kwa lugha ya adabu, kwamba ruzuku ya mashine ni kwa vyama vyenye wanachama hai wasiopungua arobaini.

Yaani mimi nilikataliwa kwa kusema kweli, yeye akanyanyuliwa na kiti chake kwa kutojua. Nilikaa na jambo hilo kitandani, nakala mapajani. Wivu wangu ulikuwa umepata nguo za kuvaa. Sasa ulikuwa unaitwa haki, na ulipendeza.

Nilimrudishia nakala kesho yake. Alikuwa anaanika nguo, vibanio mdomoni.

"Vipi, wifi? Umeona kosa?"

"Ukurasa wa pili," nikasema, "umesahau nukta mwishoni mwa mstari wa tatu."

Akatoa vibanio mdomoni, akanishukuru sana.

Wiki zile tatu sikulala vibaya, nisidanganye. Nilikuwa na hesabu yangu tayari. Mkaguzi ataita namba mwenyewe. Atakapofika tisa, mimi nitanyamaza. Kimya tu. Atauliza kulikoni, watu watajibu, na kweli itatoka yenyewe bila mimi kuisukuma. Karatasi ni ya wifi, sahihi ni ya wifi. Kuhusu mashine nilijiambia kwamba wataturudishia maombi tu, tutaandika upya, na safari hiyo nitaandika mimi. Mtu akitaka kitu sana, hupata maelezo ya kila namna.

Mkaguzi alifika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, buti za mpira miguuni. Alikataa kiti, akakataa soda. Akazunguka ghala, akaushika mpini wa mashine ya mkono, akaning'inia mara moja, ukalia. "Pole zenu," akasema. Tukampenda papo hapo.

Wanachama walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi, nguo zimepigwa pasi. Wifi aliketi mezani kando ya mwenyekiti, faili mbele yake. Alikuwa amejitanda mtandio wa kijani. Niliutazama mara mbili ndipo nikaujua. Ulikuwa wa mama. Mdogo wangu alikuwa ameutoa kwenye sanduku akampa mkewe kwa ajili ya siku kubwa. Kama kulikuwa na sehemu ndani yangu iliyokuwa bado inasitasita, ilikoma hapo.

Mkaguzi akavaa miwani, akaanza kuita. Hakuita kama mimi. Alisoma namba, halafu akasoma na jina kamili.

Moja, mwenyekiti, akaitika kwa sauti nene. Mbili. Tatu. Namba nne alikuwa seremala, amekufa miaka sita iliyopita. Mwanawe, seremala pia, akasema "Nipo" bila wasiwasi wowote, na mkaguzi akaweka tiki. Tano, sita, saba. Nane alikohoa kwanza, ndipo akaitika.

"Namba tisa," mkaguzi akasema, na akalisoma jina la mama.

Sikuwa nimelisikia likisomwa na mtu mwingine tangu siku ya mazishi. Lilikaa pale katikati ya ghala, juu ya vichwa vya watu, linasubiri.

Nilinyamaza kama nilivyopanga. Nikahesabu moja, mbili.

"Katibu!" Mzee Tochi akaninong'oneza, kwa mnong'ono wake unaosikika hadi barabarani. "Tisa hiyo!"

Mkaguzi akainua macho. Akalirudia jina, safari hii akipandisha sauti mwishoni, kama mtu anayeuliza kama kuna yeyote anayemjua. Na mimi, niliyekuwa nimekaa wiki tatu na mpango wangu, nilishindwa. Sikuweza kumwacha mama aitwe mara mbili mbele za watu asiitikiwe.

"Nipo," nikasema.

Akaweka tiki. Mwanzoni sikuelewa nilichokifanya. Nilikielewa kidogo kidogo, kumi na moja, kumi na tano, ishirini, kama mtu anayeona maji yanapanda kwenye ngazi alizokalia.

"Namba ishirini na tatu." Akasoma jina langu.

Nikainamisha kichwa.

"Katibu, leo vipi?" Mzee Tochi akasema. "Si wewe huyo? Umejisahau?"

Watu wakacheka. Mkaguzi akanitazama juu ya miwani. "Mama, wewe si ndiye uliyeitika namba tisa?"

"Ndimi."

"Na ishirini na tatu?"

"Ndimi pia."

"Huyo ni wawili, mheshimiwa," akasema Mzee Tochi. "Hata akila, anakula kwa wawili."

Kicheko kikawa kikubwa. Wenzangu hawakuwa na cha kuficha, ndiyo maana walicheka. Mkaguzi hakucheka. Akafunga kalamu. "Namba tisa ni nani?"

"Mama yangu mzazi."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

"Pole," akasema, na niliona anamaanisha. Halafu akageuka kwa wote. "Wengine ni wangapi?"

Ndipo kila mmoja akaanza kujieleza kwa wakati mmoja. Mimi naitika kwa baba. Mimi kwa mume wangu, magunia naleta kila msimu, muulize Katibu. Mkaguzi akasema taratibu kwamba ofisini kwao watu wa namba hizo huitwa wanachama hewa.

"Hewa?" Mzee Tochi akasimama. Alikuwa anaitika kwa ajili ya marehemu kaka yake. "Kaka yangu alikuwa na kilo tisini! Walimbeba watu wanane wakipokezana, wewe unasema hewa?"

"Mzee wangu, naomba ukae. Nani aliandika karatasi hii?"

Wifi akasimama. Mtandio ukamteleza begani, asiuokote. "Mimi."

"Ulisaini kwamba taarifa hizi ni za kweli."

"Nilinakili daftari. Sikujua..."

"Wewe ni mwanachama namba ngapi?"

"Sina namba," akasema wifi.

Basi. Kitu nilichokisubiri kilikuwa mbele yangu, kimeandaliwa vizuri kuliko nilivyokiomba. Mkono wake ulikuwa unatafuta ukingo wa meza. Nilimtazama, na siwezi kusema kwamba sikufurahi. Nilifurahi kwa muda wa kama pumzi tatu. Halafu nikamwona mdogo wangu amesimama mlangoni. Hakuwa anamtazama mkewe. Alikuwa ananitazama mimi. Yeye ni namba thelathini. Kwa miaka yote amenisikia nikiita daftari lile. Alikuwa anajumlisha.

Mkaguzi alikuwa anamwambia mwenyekiti kwamba taarifa ya uongo ina utaratibu wake. Ruzuku inafutwa, na chama kinafungiwa kuomba kwa miaka mitano. Mwenyekiti akaketi juu ya gunia la alizeti, likatoa pumzi chini yake. Miaka mitano. Hilo sikuwa nalo kwenye hesabu yangu. Nilitazama mpini wa mashine, nikatazama mabega ya waliokaa mbele yangu. Mengi yalikuwa mabega ya kizee.

"Kuna kifungu cha kumi na moja," nikasema.

Mkaguzi akageuka.

"Mrithi akisajiliwa rasmi kwenye hisa ya marehemu, anahesabiwa kuwa mwanachama hai, mradi hisa yenyewe iwe na zaidi ya mwaka mmoja. Na kosa la daftari lisilo la makusudi, chama kinapewa siku saba kulirekebisha."

"Umekijuaje kifungu hicho?"

"Mliniandikia mwaka jana."

Nilidhani nimemaliza. Lakini wifi alikuwa bado amesimama na mkono ukingoni, na neno lile la makusudi lilikuwa limebaki hewani. "Yeye hakujua," nikasema. "Mimi ndiye niliyejua."

Hakuna aliyecheka. Hata Mzee Tochi aliangalia buti za mkaguzi.

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu. "Jumanne ijayo," akasema mwishowe. "Nataka arobaini wenye vitambulisho na sahihi. Thelathini na tisa hawatanitosha."

Tulifanya kazi meza moja, mimi na wifi, kwa sababu yeye alikuwa na kompyuta na mimi ndiye niliyejua nani alirithi nini kwa nani. Siku mbili hakunisemesha ila la kazi. Tahajia? Tarehe ya kifo? Kitambulisho kiko wapi? Siku ya tatu, akiwa anachapa, bila kugeuka, akauliza:

"Ulijua tangu uliponisomea?"

"Tangu hapo."

"Nukta," akasema. "Ukurasa wa pili, mstari wa tatu."

"Ndiyo."

Akaendelea kuchapa. Angenitukana ningejua pa kushika.

Hesabu ilikuwa hivi. Walio hai walikuwa thelathini na wanne, na mimi nikiwemo. Kati ya marehemu saba, watano walikuwa na warithi wasio na namba nyingine: wakaja, wakasaini. Thelathini na tisa. Kaka yake Mzee Tochi aliacha mtoto mmoja, aliyekwenda zake zamani na haijulikani aliko. Na Mzee Tochi mwenyewe tayari ana namba, na mtu mmoja hawezi kushika mbili. Tukaufunga mstari ule. Mzee Tochi aliomba aupige yeye mwenyewe, akawasha tochi ili auone vizuri, saa sita mchana.

Ikabaki tisa.

Mimi nina yangu. Mdogo wangu ana yake. Wanangu bado wako shuleni, hawana vitambulisho. Katika nyumba ya mama, mtu mzima asiye na namba alikuwa mmoja.

Na hapa ndipo ninapolirudia lile jambo. Barua ya mwaka jana haikuniambia tu kwamba hatufiki arobaini. Iliniambia pia namna ya kufika. Nilikaa kitandani, nikageuza barua nyuma, nikahesabu warithi kwa kalamu ya risasi. Nikafika thelathini na tisa, nikasimama. Wifi alikuwa ameshaolewa, ana miezi sita kwetu. Nilijua wa arobaini ni nani. Sikuandika. Nilikunja barua nikaitia kwenye kopo, nikawaambia watu nafasi zimejaa, na watu wakaendelea kuning'inia kwenye mpini mwaka mzima.

Mdogo wangu ndiye aliyelitamka. "Dada, basi tuseme awe yeye."

"Mimi sitaki," wifi akasema, upesi kabla yangu. "Sitaki namba ya mtu anayesubiri nianguke. Tafuteni mwingine." Akazima kompyuta, akatoka.

Mwingine hakuwepo. Ilikuwa Jumapili. Nilikwenda nyumbani, nikatoa chini ya kabati kipande cha bati kilichokatwa tundu la namba tisa. Mama alikikata mwenyewe kwa mkasi wa bati na nyundo, mwaka wa kwanza wa chama. Unakibandika kwenye gunia, unapitisha brashi, namba inatokea. Kingo zake zimejaa rangi ya miaka yote, tabaka juu ya tabaka. Nikakifunga kwenye gazeti.

Wifi alikuwa uani, anapepeta mbegu. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nilikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikalifungua gazeti, nikaliweka bati miguuni pake.

"Hiki nini?"

"Cha mama. Ukishika namba, utakitumia kupaka magunia yako."

Akakitazama bila kukigusa. "Unanipa kwa moyo, wifi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na shughuli ingeisha. "Hapana," nikasema. "Moyo bado hautaki. Nimekileta tu."

Ungo ukasimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na kona ya mdomo ikamcheza. "Afadhali. Ungesema kwa moyo ningekirusha barabarani."

"Usikirushe. Kitamkata mtu."

"Na ule mtandio," akasema, akianza tena kupepeta. "Mume wangu ndiye aliyenipa. Mimi nilijua utakuumiza. Nikauvaa." Akapuliza makapi. "Siku ile ya kitambaa ulikipokea kama unapokea barua ya polisi. Nikasema, basi, ngoja na mimi nivae."

Hatukukumbatiana. Nilikaa kwenye ndoo ile mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia, nikimwona jinsi anavyopepeta vibaya, mbegu nzima zikiruka pamoja na makapi, na nikajizuia kumwelekeza. Baadaye akasema, bila kuulizwa, "Jina langu unalijua linavyoandikwa?"

Niliandika mwenyewe. Niliweka rula juu ya jina la mama, nikavuta mstari mmoja, mwembamba, ili jina libaki likisomeka. Chini yake nikaandika la wifi, kwa herufi nilizoziandika polepole mno, hata mwenyekiti akadhani nimelala. Wifi akasaini. Arobaini.

Jumanne mkaguzi alirudi na buti zake. Akavaa miwani, akaanza moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, isipokuwa mdomo wangu. Aliposema "Namba tisa," ulishafunguka.

"Nipo," akasema wifi kutoka benchi la pili. Sauti yake ni nyembamba kuliko ya mama, na kuliko yangu.

Nikafunga mdomo. Mkaguzi akaweka tiki, akaendelea. Alipofika ishirini na tatu niliitika mara moja, na sikujua nitazame wapi.

Mashine ilikuja baada ya miezi miwili. Inanguruma, inatema mashudu upande huu na mafuta upande ule, na mpini wa zamani tumeuegemeza ukutani, Mzee Tochi anatundikia kofia. Kila msimu tunapaka magunia siku moja, mimi na wifi, kila mtu na rundo lake, la wifi likitoka shamba la mama. Analibandika bati la mama, anapitisha brashi mara moja tu, analinyanyua. Mimi kwa miaka minane nilikuwa napitisha mara tatu, na rangi ilikuwa inavuja pembeni.

Tisa yake imenyooka kuliko yangu. Nimeipima kwa rula, alipokwenda kunawa mikono.